Kidole Gumba cha Bi Shekha

Watu wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani kabla sijastaafu, nawajibu kwamba nilikuwa natazama vidole gumba vya miguu. Wanacheka, wengine wanadhani uzee umeanza kunichezea. Basi nyie mnaoingia sasa kwenye kazi ya fiziotherapia, na viatu vyenu vyeupe na simu zenye jibu la kila kitu, kaeni kidogo. Sitawapa somo. Masomo mmeshapata, tena mengi kuliko niliyopata mimi. Nitawasimulia habari za kidole kimoja na mwenye kidole chake, nanyi mtaokota mtakachookota.

Jina langu ni Skolastika, na kwa kuwa hakuna mgonjwa mwenye muda wa kulitamka lote, nilikuwa Skola. Wengi waliniita Dokta Skola. Sikuwa daktari, lakini nilichoka kukanusha. Nimezaliwa upande wa Masasi, nikaja Dar es Salaam kusoma, na ndiyo ikawa moja kwa moja. Nimefanya kazi katika hospitali moja ya upande wa Temeke mpaka umri wa kustaafu uliponikuta palepale. Chumba chetu cha tiba kilikuwa mwisho wa korido, jirani na stoo ya magodoro, kina vitanda viwili, sinki moja na feni moja ya kusimama. Ile feni muikumbuke, kwa sababu nitairudia.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa migongo, magoti, na watu waliopooza upande mmoja. Mashine ya umeme tulikuwa nayo, ndogo ya kuingia mfukoni, yenye nyaya na vibandiko vya kubandika kwenye ngozi. Tuliitumia kutulizia maumivu. Kisha tukaitwa kwenye mafunzo, akaja mwalimu mgeni, akatuambia kwamba mashine ileile ikibandikwa kwenye kifundo cha mguu inaweza kumsaidia mtu mwenye kibofu chenye haraka. Yaani yule ambaye haja ndogo ikimwita haimpi nafasi ya kujibu. Anakwenda chooni, anarudi, hajakaa sawasawa anaitwa tena, na akichelewa kidogo anajilowesha. Chumba kizima tuliangua kicheko. Mwenzangu mmoja akauliza kama kwa maumivu ya jino tutabandika kiwiko.

Ambaye hakucheka ni Mzee Kapinga, mkuu wetu wa kitengo, Mngoni wa Songea aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Aliinuka, akavua kiatu na soksi mbele ya watu wote, soksi yenyewe imetoboka kisigino, akasema, "Nibandikeni mimi." Mwalimu akamwekea kibandiko kimoja nyuma ya ule mfupa wa ndani wa kifundo, na kingine juu yake kidogo, upana wa kiganja. Umeme ukaongezwa polepole. Kidole gumba cha Mzee Kapinga kikajikunja chenyewe, kikaachia, kikajikunja tena. Akakikodolea macho kama babu anayemtazama mjukuu akisimama dede. "Kumbe," akasema, akavaa soksi yake.

Tulipokuwa tunarudi kazini ndipo akaniambia maneno ninayoyarudia mpaka leo. "Skola, usimuulize mgonjwa jambo ambalo mwili wake unaweza kulijibu. Watu wetu wana adabu mno. Kidole hakina adabu, kitakwambia kweli."

Nilivyokuwa nawaeleza wagonjwa ni hivi. Mshipa wa fahamu unaopita pale kifundoni unapanda mpaka chini ya uti wa mgongo, na maeneo hayohayo ndiko inakotoka mishipa inayokiamuru kibofu. Nguzo moja ya umeme inalisha nyumba mbili. Kibofu ndiye jirani anayefungulia muziki mpaka mabati yanatetemeka, na sisi tunapitia nyumba ya pili, ya mguu, kumwomba apunguze sauti. Wananielewa papo hapo, maana hakuna mtu Temeke asiye na jirani wa namna hiyo.

Si tiba ya siku moja. Nusu saa, mara mbili kwa wiki, na inaweza kufika miezi mitatu kabla hujasema imesaidia au haikusaidia. Hakuna kisu, hakuna maumivu, ni msisimko tu wa kama mguu uliokufa ganzi unapoamka. Lakini msimbandike kila anayepita. Kwanza daktari amwone, mkojo upimwe kama una maambukizi, sukari ipimwe. Mwenye kifaa cha umeme kwenye moyo, usimguse, na mwenye mimba vilevile. Na wapo ambao haikuwasaidia hata kidogo, nikawarudisha kwa daktari bila kuona haya.

Ina neema moja ambayo vitabu havikuitaja. Inakaa mguuni, kwa hiyo inamsitiri mtu. Nilikuwa na fundi mmoja wa makochi kutoka Keko, baba mzima mwenye kifua kipana, aliyekuwa hathubutu kupanda gari la kwenda mbali. Aliniambia, "Dokta, mmenisitiri. Kijiweni nimewaambia nimeteguka." Basi aliteguka miezi yote ya matibabu. Wenzake wakamhurumia, wakamchongea mkongojo wa mninga wenye nakshi, na ikabidi autumie. Siku nyingine akaingia kwetu anachechemea mguu wa kulia, akatoka anachechemea wa kushoto. Nikamwita nikamwambia, "Fundi, chagua mmoja."

Sasa Bi Shekha.

Bi Shekha alikuja kwa magoti. Alikuwa bibi mwembamba wa asili ya Kiarabu, mzaliwa wa Buguruni, ambako babu yake alifungua duka la vitambaa na wajukuu wanaliendesha hadi leo. Buibui lake halikuwa na hata mkunjo, na akikaa kitandani chumba kizima kinanukia udi mpaka kesho yake. Nikamwamkia, "Shikamoo Bi Shekha," akaitikia, akaniuliza hali ya watoto wangu, ya mama yangu, na ya watu wote wa Masasi. Nikayapima magoti. Yalikuwa mazima kuliko yangu.

Nikaenda kwenye sinki kunawa mikono. Nageuka, kitanda kitupu. Akarudi baadaye anapanga ushungi, akasema amekumbuka jambo huko nje. Alipokuja tena, nikafungua bomba, akakumbuka jambo lilelile. Siku ya tatu nikafungua bomba kwa makusudi huku namtazama usoni. Nikaona anavyofumba macho na kubana meno, mkono umeshika ukingo wa kitanda. Nikafunga bomba upesi, nikafunga na mlango.

"Bi Shekha," nikamwambia, "hayo magoti yako yanasikia sauti ya maji?"

Akautazama mlango uliofungwa. Kisha akasema, "We mtoto una jicho baya wewe." Halafu machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya ushungi, na ndipo akanieleza.

Bi Shekha alikuwa mwosha. Mwanamke wa Kiislamu akifariki pale mtaani kwao, yeye ndiye anayeitwa kumuosha kabla hajavishwa sanda, kama mama yake alivyokuwa akiitwa. Sasa mwaka wa pili akiitwa anasema magoti.

"Ningesema nini, mwanangu? Kuosha maiti ni maji. Maji mwanzo, maji katikati, maji mwisho. Na mie nikisikia tu maji yanamwagwa, na yangu yanataka kutoka. Nishawahi kutoka mbio katikati ya kazi, nikawaachia wale wasaidizi, mabinti wenyewe ndo kwanza wanajifunza. Nikasema kizunguzungu. Mpaka leo nikimkumbuka yule marehemu naona haya. Maiti haachwi vile. Hana tena wa kumsemea. Mie ndo stara yake."

Nikamuuliza kama alishazungumza na mtu wa dini yake.

"Nilimuuliza ustadhi, nikajifanya naulizia mtu mwingine. Kasema mgonjwa ana nafasi yake, Mungu hamtwishi mja asichokiweza. Sawa, nimefurahi. Lakini mie sitaki nafasi. Mie nataka nikae pale mpaka nimalize."

Kisha akanitajia jina la Bi Tatu. Huyu alikuwa rafiki yake tangu walipokuwa wanakaa jamvi moja madrasa, Myao, wazazi wake walitoka Tunduru. Mmoja alikulia dukani, mwingine nyuma ya chungu cha vitumbua, nyumba zinatazamana. Waliuguziana uzazi, wakaozeana watoto, wakazikiana waume. Sasa Bi Tatu alikuwa anaumwa ugonjwa ambao madaktari walishamwambia akapumzike nyumbani. Na alikuwa ameshausia mbele ya wanawe: anioshe Shekha, asinishike mwingine.

"Anajua una tatizo gani?" nikamuuliza.

"Anajua magoti. Tena ananitania. 'Shekha, hayo magoti yakipona uniambie, nisije nikawahi.' Mie nacheka naye, nikifika nyumbani nalia."

Sikumuahidi kitu. Msije mkamuahidi mgonjwa kitu ambacho hakiko mikononi mwenu. Nilimpeleka kwa daktari wetu, akampima alivyotakiwa kumpima, hayakuonekana maambukizi wala sukari, akamwandikia tuanze. Siku hiyohiyo nikambandika. Alikuwa amekuja kwa ajili ya magoti, hakujiandaa kwa lolote. Nikaongeza umeme taratibu, na kidole gumba chake, chenye hina mpaka kwenye kucha, kikaanza kucheza vizuri kabisa. Bi Shekha akasema "Audhubillahi!" akaurudisha mguu, kisha akacheka mpaka akashika tumbo.

Tukaanza kwa matumaini. Nikampa na masharti. Kwanza maji ya kunywa. Kwa hofu yake alikuwa ameacha karibu kabisa kunywa maji. Akienda kwenye shughuli za watu anakataa chai, anakataa sharubati, anakataa hata maji ya kumezea dawa. Wagonjwa wengi hufanya hivyo, nao wanajiumiza, kwa sababu mkojo ukiwa mkali kibofu kinazidi kuudhika. Pili, kahawa. Hapo nusura tugombane.

"Skola, kahawa nanywa tangu sijaota meno."

"Ipunguze, Bi Shekha. Inakichochea kibofu."

"Nipunguzie chumvi, nipunguzie sukari, kahawa niachie."

Tukakubaliana kikombe cha asubuhi tu, kile kidogo kisicho na mkono. Alikubali kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa.

Wiki zikaenda. Kila akija nambandika, naongeza umeme, namuuliza, "Unasikia, Bi Shekha?" Anajibu, "Nasikia mwanangu, nasikia vizuri, Mungu akubariki mikono." Baada ya nusu saa namuuliza nyumbani hali ikoje, ananiambia, "Alhamdulillahi." Nikifungua bomba, anakumbuka jambo huko nje. Na Bi Tatu alizidi kudhoofu. Kwanza aliacha kutoka nje, halafu akawa anakaa kitandani kwa kuegemezwa mito. Bi Shekha akiniambia hayo sauti inakuwa ndogo, nami nikawa naona muda unatukimbia. Nilianza kufikiri kwamba ni mmoja wa wale ambao tiba hii haiwasaidii, na nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia.

Aliyetuokoa ni feni. Bi Shekha ni mtu wa haya, na kuanzia siku ya pili ya matibabu alikuwa akija na kanga ya kujifunika miguu. Nikishabandika tu, anashusha kanga mpaka chini, kwa hiyo nakaa na mgonjwa ambaye mguu wake siuoni. Siku hiyo joto lilikuwa kali, nikaigeuzia feni upande wetu na kuifungulia yote. Ikapeperusha ile kanga ikaangukia sakafuni. Nikatazama mguu. Mashine inasoma umeme mwingi, taa yake inawaka, na kidole gumba kimelala kimya hakina habari na mtu.

"Bi Shekha, unasikia?"

"Nasikia mwanangu, nasikia vizuri."

Nikainama nikagusa kifundo. Mkono uliteleza. Mguu wote ulikuwa umepakwa mafuta ya nazi, yale mazito ya nyumbani yaliyochemshwa na karafuu. Na vibandiko vyetu, kwa kuwa vilikuwa vya kurudiarudia na gundi yake imekwisha, nilikuwa navizungushia bendeji visianguke. Kwa hiyo vilikaa palepale, wala sikushtuka, lakini havikuishika ngozi hata kidogo.

"Umepaka mafuta?"

"Nisipake? Miguu yangu inashikwa na mtoto wa watu, nikuletee mikavu yenye magaga? Kila nikija hapa naiosha, naisugua, naipaka mafuta. Siku ile ya kwanza tu ndo uliniaibisha, nilikuwa sijajiandaa."

Mimi nina hasira za karibu, nyie mliowahi kufanya kazi na mimi mnazijua. Nikasimama, mikono kiunoni. "Bi Shekha! Wiki zote hizi unaniambia unasikia!"

Hakutetereka. "Usinipandishie sauti. Uliniuliza kwa upole, na mie nikakujibu kwa upole. Ulitaka nikwambie mashine yako mbovu?"

Nikamtazama, naye akanitazama. Nikaanza kucheka mimi, akafuata yeye, tukacheka mpaka dada wa usafi akafungua mlango kuona kuna nini. Lakini ndani ya kicheko nilikuwa naumia, kwa sababu nilijua wiki zile zilikuwa za Bi Tatu, na tumezimwaga.

Nikamuosha mguu kwa sabuni, nikaukausha, nikapaka maji kidogo pale pa kubandika. Nikaomba vibandiko vipya stoo na sikuondoka mpaka nikapewa. Nikambandika upya. Kidole kikacheza. Bi Shekha akakitazama muda mrefu, kanga iko mikononi. "Kumbe ndo inavyotakiwa iwe kila siku," akasema.

Kuanzia hapo kanga ilikomea juu ya kifundo, na mafuta ya nazi akayapaka siku zisizo zangu. Nanyi nawaambia kwa lugha nyepesi: mgonjwa wa kwetu ukimuuliza kama tiba inafanya kazi, atakutazama sura yako kwanza ajue unapenda kusikia nini. Fungueni kanga mtazame kidole.

Lakini umeme peke yake niliona hautatosha. Huyu adui yake ni sauti ya maji, nami nilitaka azoee kuisikia. Nikaleta beseni na kopo kutoka nyumbani. Wakati umeme unacheza mguuni, mimi nakaa pembeni nachota maji na kuyamwaga, nachota na kuyamwaga. Siku ya kwanza alinitukana kwa Kiarabu, nashukuru sikuelewa. Nikamfundisha cha kufanya lile wimbi la haja likimjia. Asikimbie, maana ukikimbia unakitikisa kibofu na kukiambia kwamba kweli kuna hatari. Asimame tuli. Akunje vidole vya miguu, akandamize sakafu. Abane kule chini, aachie, abane tena, kama anayezuia ushuzi mbele ya wakwe. Avute pumzi. Wimbi likishapita ndipo aende zake polepole, kama bado anataka kwenda.

"Kama anayezuia nini?" aliniuliza.

"Umesikia, Bi Shekha."

"Astaghfirullahi, Skola," akasema, lakini alijifunza upesi mno.

Dada wa usafi ndiye aliyeteseka. Kila tukimaliza sakafu ina madimbwi, na yeye hakujua tunafanya nini. Akawa anasema korido nzima kwamba Dokta Skola siku hizi anaogesha watu.

Mabadiliko yalikuja kidogokidogo, na sikumuuliza tena. Nilitazama. Siku moja nilifungua bomba, akafumba macho, vidole vya miguu vikajikunja, akafungua macho, akaendelea kunisimulia habari za mjukuu wake. Siku nyingine alikuja kutoka Buguruni mpaka kwetu bila kuulizia choo. Kisha siku moja, nilipokuwa namfungua nyaya, akasema, "Jana nimemwambia Tatu."

"Umemwambia nini?"

"Yote. Kwamba hayakuwa magoti. Kacheka yule, kacheka mpaka wanawe wakaja mbio. Kasema, 'Miaka yote nakuhurumia magoti, kumbe we ni kikojozi!' Halafu akanishika mkono. Akaniuliza, 'Lakini sasa umepona?' Nikamwambia sasa naweza. Akasema, 'Haya, basi vizuri.'"

Nikamaliza kumfungua nyaya.

Baada ya siku chache akanipigia simu asubuhi. Sauti yake ilikuwa imetulia. "Skola, Tatu katangulia. Naenda kumuosha. Njoo ukae nje."

Nikaomba ruhusa kazini, nikajitanda kanga, nikaenda Buguruni. Mimi Mkristo, lakini misiba ya huku mjini ni yetu sote. Nikakaa mkekani na akina mama wengine uani kwa Bi Tatu, karibu na chumba kilichopachikwa shuka mlangoni. Ndani walikuwa wanamuosha. Bi Shekha alikuwa kiongozi, na wale mabinti wasaidizi walikuwa naye. Nilimsikia akiwaelekeza kwa sauti ya chini, kisha nikasikia maji.

Maji yalimwagwa, yakanyamaza, yakamwagwa tena, yakitiririka kwenye ufuo, lile shimo linalochimbwa kupokea maji ya maiti. Wenzangu mkekani walikuwa wanasoma na kulia taratibu. Mimi nilikuwa nasikiliza maji. Sijawahi kusikiliza kitu namna ile. Kila kopo lililomwagwa lilinipita mwilini, macho yangu yako kwenye shuka ile ya mlangoni, nikiomba kwa kila mtakatifu ninayemjua kwamba isifunuliwe. Kuna wakati kulikuwa na kimya kirefu. Hakuna maji, hakuna sauti ya Bi Shekha. Nikajishika magoti. Nikajikuta nami nakunja vidole vya miguu kwenye mkeka. Kisha sauti yake ikasema, "Haya, leta," na maji yakaanza tena.

Shuka ilifunuliwa kazi ilipokwisha. Harufu ya kafuri, ile wanayopakwa maiti, ilitoka kwanza, kisha wale mabinti, kisha Bi Shekha, mikono ya gauni imekunjwa mpaka kiwikoni, macho mekundu. Mlango wa choo cha uani ulikuwa mkono wake wa kushoto. Aliupita. Alikuja polepole, akakaa mkekani kando yangu, akanyoosha miguu. Ilikuwa imelowa, haina mafuta.

"Lile wimbi likanijia," akaninong'oneza. "Katikati, namuosha nywele. Nikasimama, nikakunja vidole, nikamshika Tatu kichwa nikangoja. Wale watoto walidhani nalia."

"Hukuwa unalia?"

"Nilikuwa nalia pia. Likapita. Nikamaliza mwenyewe, Skola. Sikumwacha."

 Nikamshika mkono tu, ulikuwa baridi na unanuka kafuri. Akina mama wengine walikuja kumpa pole, mmoja wao akamuuliza kama atakunywa chochote, akiuliza kwa desturi tu, maana mtaa mzima walishazoea kwamba Bi Shekha hanywi kitu kwenye shughuli ya mtu.

"Nipeni maji," akasema.

Akaletewa maji kwenye glasi kubwa. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema Bismillahi, akanywa mpaka ikaisha. Kisha akanipa mimi ile glasi.

"Niongezee," akasema.

Nikainuka, nikaenda kumuongezea.